Mgeni anayetaka kufungua biashara Arusha: aanzie wapi, mtaji autoe wapi

Mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, alimwaga bahasha ya kaki juu ya kaunta yangu. Ndani mlikuwa na pasipoti, picha ndogo sita, risiti mbili za kuandikwa kwa mkono na mkataba wa fremu (chumba cha biashara) uliochapwa upande mmoja wa karatasi. Kodi ya miezi sita alikwishalipa. Kilemba, ile pesa ya kumwachia fremu anayodai mpangaji aliyetoka, alikwishalipa. Dalali alikwishachukua chake, kodi ya mwezi mmoja, akapotea. Alichotaka kwangu ni nimwombee leseni ya duka la vitenge kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Nilimvutia kiti. Duka la vitenge la rejareja, kwa mtu asiye raia wa Tanzania, halipati leseni hata angekuwa na mtaji wa kufungua maduka kumi.

Nina steshenari Ngarenaro. Natoa fotokopi, nachapa barua, na siku hizi kazi kubwa ni kujaza fomu za BRELA (wasajili wa kampuni na majina ya biashara), TRA (mamlaka ya mapato) na halmashauri kwa watu ambao mifumo imewachosha. Wageni wanaonijia ni Wakenya waliopitia Namanga, Wakongo, Warundi, Waganda, na mara mojamoja Mzungu aliyekuja kupanda mlima akakataa kurudi kwao. Karibu wote huanza na swali moja: mtaji nipate wapi? Nami huwaomba tuliweke kiporo kidogo, kwa sababu pesa nyingi za mgeni nimeona zikiliwa na hatua zilizopangwa kinyume kuliko na riba ya mkopo. Mpangilio ninaowapa ni huu.

Hatua ya 1: Hakikisha biashara yenyewe unaruhusiwa

Tarehe 28 Julai 2025 ilitoka amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara, Tangazo la Serikali namba 487A, inayotaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Isome kabla hujatafuta hata jina la duka. Ya kwanza ndiyo inayowakamata wengi: biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Halafu kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Saluni, ila iliyo ndani ya hoteli au ya shughuli za utalii. Usafi wa nyumba na ofisi, kupeleka vifurushi ndani ya nchi, uwakala wa forodha, udalali wa biashara na wa nyumba, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini, redio na televisheni, mashine za kamari nje ya kasino. Kwa Arusha na Moshi ongeza mawili yanayouma zaidi: kuongoza watalii, na maduka ya vinyago pamoja na makumbusho. Ya mwisho ni kumiliki viwanda vidogo na vidogo sana.

Mgeni akikamatwa, faini haipungui Sh milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Waliokuwa na leseni halali wakati amri inatoka waliachwa wamalize muda wake, bila kuihuisha.

Kimebaki nini? Kingi tu. Mgahawa haumo kwenye orodha. Nyumba ya kulala wageni haimo. Gereji ya magari, shule na mafunzo, kutengeneza programu za kompyuta, ushauri wa kitaalamu, ujenzi, kilimo cha kukodi shamba: hakuna kati ya hizo iliyotajwa kwa jina. Tatizo liko mpakani mwa maneno. Wewe unasema unaoka mikate, afisa anaona kiwanda kidogo. Unasema unashona, naye ana mawazo yake. Kwa hiyo andika biashara yako kwenye nusu ukurasa (utauza nini, kwa nani, kwa mashine gani), peleka kwa afisa biashara wa Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, muulize kabla hujalipa senti. Swali halina ada.

Amri inamgusa asiye raia tu. Aliyepewa uraia ni raia. Ila kuolewa na Mtanzania hakukufanyi raia siku ya harusi: mke anaomba uraia, anasubiri, na akiupata anaacha wa kwao, maana Tanzania hairuhusu uraia pacha.

Hatua ya 2: Usikodi jina la mtu

Mimi mwenyewe nimeombwa mara tatu. "Kaka, tumia NIDA yako (kitambulisho cha taifa), kila mwezi nitakutoa." Nimekataa mara tatu, na sijakataa kwa sababu ya utakatifu. Amri hiyohiyo inasema raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa analipa faini ya Sh milioni 5 au anafungwa miezi mitatu. Kwa steshenari yangu hiyo ni pesa ya mashine zote na kaunta juu.

Lakini acha sheria pembeni. Namjua kijana aliyekuja kutoka Kisii akafungua duka la vifaa vya simu kwa jina la rafiki yake wa Sakina, miaka kadhaa kabla ya amri. Leseni ya rafiki, TIN (namba ya mlipakodi) ya rafiki, lipa namba ya rafiki, akaunti ya rafiki. Watu wanadhani najua mwisho wa hadithi: rafiki alimdhulumu. Hapana, rafiki alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Alifariki. Kwenye kikao cha ukoo mzigo wa dukani ukaandikwa mali ya marehemu, na kijana akakaa pale akiwa mmoja wa waombolezaji. Angewaonyesha karatasi gani?

Kama una mwenzako Mtanzania, sajilini kampuni ya kweli, hisa zikiandikwa BRELA kwa majina ya wenye hisa, na kila mmoja awe ameweka kitu kinachoonekana: pesa, jengo, gari, au ujuzi uliothaminiwa kwa maandishi. Mwenza asiyeweka chochote ni jina la kukodi lililovaa suti.

Hatua ya 3: Karatasi, na zinavyofukuzana

Pasi ya matembezi uliyogongewa Namanga au Holili, hata ile ya raia wa Afrika Mashariki, hairuhusu biashara. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataja haki ya kuanzisha shughuli nchi mwanachama, na Wakenya hunisomea kifungu hicho kwa sauti pale kaunta. Nawasikiliza. Kisha nawaambia afisa uhamiaji ataomba kibali.

Kwa kawaida mgeni anapitia kampuni. BRELA wanasajili mtandaoni: Mtanzania anatumia namba ya NIDA, mgeni anatumia pasipoti. Kisha TRA kwa ajili ya TIN, ambayo ni bure. Ukiombwa pesa ya TIN ujue unalipa njaa ya mtu. Vinafuata vibali viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya: kibali cha kazi kinachotoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinachotoka Uhamiaji. Anayefanya biashara yake mwenyewe anaombea Daraja A. Daraja B ni ya aliyeajiriwa. Mwisho leseni: kundi A hutolewa na BRELA, kundi B na halmashauri kupitia Tausi.

Hapo ndipo zinapofukuzana. Ofisi hii inataka kuona karatasi ya ofisi ile, ile inataka ya hii. Usikasirike, na usimpe mtu wa korido "aisukume". Omba orodha ya viambatisho iliyoandikwa, ujue ipi inakubaliwa ikiwa bado maombi. Kila malipo yapite kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Pesa ya serikali haipokelewi mkononi.

Kitu kidogo kinachorudisha mafaili mengi kuliko chochote ni mpangilio wa majina. Pasipoti ya Kongo ina jina la ukoo, jina la pili la baada ya ukoo, kisha jina la ubatizo. Mchapaji wa BRELA anaanza na la ubatizo, wa TRA anaanza na la ukoo, na kufika kwenye leseni mfumo unakuona watu wawili. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, angalia ile mistari miwili ya chini yenye alama za mishale, na ufuate mpangilio huo kila mahali hadi mwisho. Mimi nimeubandika ukutani.

Hatua ya 4: Fremu, sasa ndiyo

Sio kabla. Ukishajua biashara inaruhusiwa na maombi yanatembea, tafuta fremu, na ingia kwa kipindi kifupi unachoweza kukipata. Ofisi ikitaka mkataba, mwombe mwenye nyumba akuandikie kwamba ukinyimwa kibali kodi iliyobaki inarudi. Wengi watacheka. Mmoja kati ya watano anaandika.

Kama mwenye nyumba anakutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kupanga na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni. Arusha tulizoea dola kwa sababu ya utalii. Zoea hilo limeisha kisheria, hata kama midomo haijaacha.

Sasa hesabu ambayo dalali hakuambii. Tuseme fremu ni Sh 250,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja: Sh 3,000,000. Wewe mpangaji mfanyabiashara unatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi hiyo, Sh 300,000, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa kuisha. Ni kodi ya zuio, na ni pesa ya mwenye nyumba. Lakini wenye nyumba wetu husema, "Mimi nataka milioni tatu yangu kamili, mambo ya TRA utajua mwenyewe." Basi huo ni mfuko wako. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1, Sh 30,000. Bei halisi ya fremu yako ni Sh 3,330,000 kabla hujapaka rangi. Jadili mapema nani analipa, kisha kiandikwe.

Na dalali wa sasa hamalizi sentensi mbili bila kutaja AFCON ya 2027 na uwanja wa Olmoti. Mpira ni wa wiki chache, mkataba ni wa miezi. Angalia zaidi majira: mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika, wageni wanapungua na mtaa unaotegemea magari ya safari unalala. Ukifungua Machi kwa mtaji wa mwisho, Mei inakukuta unauza friji. Juni ni mwezi mzuri wa kuanza.

Hatua ya 5: Mtaji, kwa mpangilio wa kuutafuta

Nianze na pale ambapo hutapata, usije ukapoteza nauli. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) ni ya raia. Cheti cha vivutio vya uwekezaji, kinachotolewa na TISEZA, mamlaka ya uwekezaji iliyochukua nafasi ya TIC mwaka 2025, kiwango cha chini kwa mwekezaji wa kigeni chini ya sheria ya 2022 kilikuwa dola 500,000. Kama unayo hiyo pesa, hukuhitaji kunisoma mimi.

Pesa yako mwenyewe ndiyo ya kwanza, na namna inavyoingia nchini ni muhimu kama kiasi chake. Ipitishe benki. Anayekuja na noti kwenye begi lazima atangaze mpakani zikifika dola 10,000, na hata zikiwa chini ya hapo hana cha kuonyesha anapoulizwa mtaji umetoka wapi. Karatasi ya benki inaongea kwa niaba yako Uhamiaji, TRA, na baadaye kwa afisa mikopo.

Ya pili ni kupunguza mahitaji ya pesa. Usinunue jiko la dukani kabla hujapita kwa wachomeleaji wa Unga Limited, wanaotengeneza la vyuma vizito kwa kipimo chako. Hoteli na loji zinapokarabati huuza meza, friji na vyombo kwa mkupuo. Waulize mameneja wa stoo, hasa masika. Mashine za kusindika chakula, TEMDO, shirika la serikali la uhandisi lililo hapahapa Arusha, wanabuni na kutengeneza. Wapishi na wahudumu waliosoma wanapatikana chuo cha hoteli na utalii cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi), Njiro. Mwanafunzi wa mazoezi aliyefundishwa vizuri ni rasilimali kubwa kuliko mkopo.

Ya tatu ni mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, na kwa maoni yangu ndiyo benki halisi ya Arusha. Muuza mchele wa soko la Kilombero hahitaji hati ya nyumba yako. Anahitaji kukuona. Nenda kwa mtu mmoja, siku ileile ya wiki, saa ileile, ununue taslimu, hata kilo 20 tu. Usizunguke kutafuta punguzo la Sh 50 kwa jirani yake, anaona. Wiki ya nne au ya tano, ukiwa na pesa mfukoni, mwombe gunia moja ulipe nusu leo na nusu Jumamosi. Ukitoa pesa yote wakati umeomba nusu, amekuelewa vibaya, kwa hiyo lipa nusu kweli. Halafu Ijumaa, siku moja kabla, mpelekee iliyobaki. Hiyo Ijumaa ndiyo dhamana yako. Gesi, soda, kuku na mkaa vinafuata njia hiyohiyo, na mgahawa mdogo ukiwa na wauzaji wanne wa namna hii unaendesha wiki nzima kwa pesa ambayo haijatoka mfukoni mwako.

Ya nne ni mchezo, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Watu kumi, Sh 50,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anapokea 500,000. Mgeni atapewa namba ya mwisho mzunguko wa kwanza, na ni haki: wanakupima. Kubali. Namba ya mwisho ni kama akiba, ya kwanza ni kama mkopo usio na riba, na utaifikia mzunguko wa pili. Muulize kijumbe, yule anayekusanya na kugawa pesa, maswali mawili tu: nani aliwahi kukimbia, na mlifanyaje? Kijumbe anayesema hakuna aliyewahi kukimbia ama ni mpya ama anakudanganya. Vikoba na SACCOS, vikundi na vyama vya kuweka na kukopa, vina masharti ya uanachama kwa maandishi. Yaombe uyasome ukiwa nyumbani, usikubali kusimuliwa.

Watu wa kwenu waliokutangulia wanaangukia hapa pia. Ibada ya Kiswahili chenye lafudhi ya Bujumbura, meza ya Wakenya wanaotazama mpira, mama wa Kiganda anayejua kila fundi. Waombe majina na maonyo kabla ya pesa. Jina la mhasibu mwaminifu lina thamani kuliko laki tano ya kuazima.

Benki ni ya tano, na nimeiweka chini makusudi. Akaunti fungua mapema, ukiwa na pasipoti, kibali, TIN na barua ya utambulisho. Mkopo ni jambo jingine. Ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mgeni hapewi isipokuwa kwa uwekezaji, hivyo dhamana ya kawaida ya nyumba na kiwanja huna. Afisa mikopo pia anaangalia kibali chako kinaisha lini. Unachoweza kumpa ni miezi ya miamala. Pokea mauzo yote kwa lipa namba na akaunti ya kampuni, hata yale ya Sh 2,000, na rudi kwake baada ya mwaka.

Katikati ya hapo watakupigia simu watu wa kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya. Mkopeshaji mwenye leseni asiyepokea amana ana kikomo alichowekewa na Benki Kuu: riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetaka Sh 30,000 juu ya laki kwa mwezi yuko mbali sana na kikomo hicho. Programu za mikopo za simu ndiyo balaa zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku 69 kwa mpigo kwa kukosa leseni. Angalia jina la mkopeshaji kwenye orodha ya Benki Kuu. Dakika tano.

Hatua ya 6: Mwaka wa kwanza

Kwa ufupi tu. Kodi ya mapato inalipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Weka pembeni kila wiki, usingoje tarehe. Ukiuza chakula, afisa afya atakuja kukagua choo na sinki kabla ya meza, na wahudumu lazima wawe na vyeti vya kupimwa afya. Kibali chako andika tarehe ya kuisha kwa kalamu nyekundu na uanze kukihuisha miezi mitatu kabla. TCCIA (chemba ya wafanyabiashara) na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wana ofisi Arusha na Kilimanjaro, na TRA wana dawati la elimu kwa mlipakodi. Nenda na maswali yaliyoandikwa, maana ukienda na malalamiko utapewa pole.

Yule mama wa Bukavu, mwenye nyumba alikataa kurudisha hata shilingi. Alichokubali baada ya siku tatu za maneno ni kubadili matumizi ya fremu kwenye mkataba: kutoka duka kwenda mgahawa, pamoja na kutoboa ukuta kwa ajili ya bomba la maji. Tulisajili kampuni, majina kwa mpangilio wa pasipoti. TIN ilitoka. Vitenge alivyokuja navyo ameshona mapazia ya mlangoni na vitambaa vya meza. Wiki iliyopita alinipitishia sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi) kwenye bakuli la bati, nimwambie ukweli kama chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi. Jiko anapimiwa Unga Limited, bahasha ya kaki sasa ina karatasi kumi na moja, na kibali bado tunakisubiri.